Lipu ya sementi inabanduka kwenye nyumba ya udongo, tubomoe au tufanyeje?

SWALI: Shikamoo injinia. Nyumba ya mama yangu huku Manyoni ni ya tofali mbichi, imekaa miaka mingi tu haina shida zaidi ya kuchakaa chakaa kwa nje. Mwaka juzi tukachangishana ndugu, tukapiga lipu ya sementi nje kote na chini tukazungushia zege ili maji yasiingie. Mvua zilizopita lipu ikaanza kubanduka vipande vikubwa, ukiigonga inalia tupu, na nyuma yake tofali zimelainika unachimba kwa kidole. Ndani, chini ya ukuta, kuna unga unga mweupe. Fundi mmoja anasema tuweke waya wa kuku tupige tena na sementi nyingi, mwingine anasema tubomoe tujenge ya bloku. Hela yenyewe ya kuunga unga. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba dada yangu. Kwa ulivyoeleza msibomoe, na huo waya wa kuku msinunue, hiyo hela ishikeni kwanza. Ukuta wa mama haukuwa na ugonjwa, ugonjwa mmeuleta nyie na sementi, ila msijilaumu sana maana hata mainjinia wenye digrii wamefanya hivyo hivyo kwenye majengo ya maana.

Iko hivi. Ukuta wa udongo muda wote una maji kidogo ndani yake, yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi, mengine yanaletwa na mvua ya upepo, mengine ni mvuke wa watu wanaolala na kupika humo ndani. Zamani yalikuwa yanafika usoni kwa ukuta, jua la Manyoni unalijua, yanakauka basi imeisha. Mlipopiga sementi mmeziba ule uso. Alafu sementi ni ngumu na udongo ni laini, ukuta ukipata joto na baridi haviendi pamoja, kwahiyo lipu inapata vinyufa vyembamba ambavyo hata kwa macho huvioni vizuri, maji ya mvua yananyonywa kupitia humo lakini kutoka sasa ndo shida, hayatoki. Yanakaa pale katikati ya lipu na tofali. Na tofali mbichi nguvu yake yote ni ule mfinyanzi ukiwa mkavu, ukilowa unaachia. Ndo maana ukigonga inasikika tupu, lipu imeshabaki inajishikilia yenyewe.

Lile zege la chini limeongeza tatizo. Unyevu wa ardhini uliokuwa unatokea kwenye uwanja sasa umefunikwa, unatafuta pa kutokea, unapandia ukutani. Huo unga mweupe ni chumvi, inapanda na maji, maji yakikauka yanaiacha pale, na huko kati ardhi yenye chumvi si habari ngeni, chumvi ya Bahi mnaijua wenyewe. Chumvi ikikauka inakuwa fuwele zinazosukuma na kumomonyoa uso wa ukuta. Ukiufuta huo unga bila kushughulika na maji utarudi tu.

Waya wa kuku hautatui lolote hapo. Waya unashika sementi, hautoi maji. Mtapata lipu iliyoshikana vizuri kabisaa mbele ya ukuta unaooza nyuma, na hiyo ni mbaya zaidi maana hamtaona kitu mpaka siku ukuta unapokaa chini.

Kuna kanisa moja maarufu Marekani, jimbo la New Mexico, mahali panaitwa Ranchos de Taos, limejengwa kwa tofali mbichi kama hizo za mama, kuta zake nene balaa. Mwaka 1967 wakachoka na kazi ya kulipaka tope kila mara, wakalipiga lipu ngumu ya sementi. Miaka kumi na kitu baadaye wakakuta kuta zimelowa na kulika nyuma ya ile lipu, ikabidi waibandue yote, wakarudi kwenye tope na majani makavu, na mpaka leo waumini wanakutana kila mwaka kulipaka upya kwa mikono. Kule Devon, Uingereza, kuna nyumba za udongo zenye umri wa karne kadhaa, nazo kuna zilizoanguka baada ya kupigwa sementi, wakati zilishapigwa na mvua za kule miaka yote hiyo, na unajua mvua za Uingereza sio za Manyoni. Wazee wa huko wana msemo kwamba nyumba ya udongo inataka kofia nzuri na viatu vizuri, yaani paa na msingi, katikati iacheni.

Sasa kazi yenyewe.

Kabla ya kugusa lipu angalieni usalama. Kama kuna sehemu ukuta umetoka tumbo, umeinama, au chini umelika kuingia ndani theluthi ya unene wake, mama ahame hicho chumba na paa lishikiliwe na nguzo kwanza, alafu tafuteni mtu aje aone kwa macho. Hiyo siwezi kukuelekeza kwa maandishi.

Kama hayo hamna, anzeni na zege la chini. Vunjeni ule ukanda unaogusa ukuta, upana wa nusu mita unatosha, chimbeni kidogo, muwe makini msichimbe chini ya msingi, jazeni kokoto, na ardhi muipe mteremko kwenda mbali na nyumba. Hapo hapo pimeni paa limetokeza kiasi gani. Nyumba nyingi za bati siku hizi paa linaishia sentimita 20 au 30 nje ya ukuta kwa kubana hela ya mbao na bati, maji yanadondoka yanaruka yanapiga ukuta chini. Nataka litokeze kuanzia sentimita 60, na upande mvua inakotokea hata 90. Kama hela ni ya kazi moja tu basi ifanyeni hii, msianze na lipu.

Lipu ya sementi ibandueni kuanzia chini, mita moja ya chini kuzunguka nyumba, msipige nyundo kama mnabomoa, udongo wa nyuma umechoka. Tumieni patasi na mkono, penye tupu patatoka pwaa penyewe. Palipogoma kabisa pasilazimishwe mkang'oa na tofali, paacheni kwanza, ukuta ukikauka mengi yataachia. Alafu subirini. Watu wengi wanakosea hapa, wanabandua Jumamosi Jumapili wanapaka, wakati ukuta wa namna hiyo unataka wiki kadhaa za jua kukauka. Tofali zilizooza toeni chache chache, msifungue zaidi ya mita moja kwa wakati, wekeni tofali mbichi kavu mpya kwa tope, sio kwa mota ya sementi, malizeni hapo ndo muende kipande kingine.

Lipu mpya ni ya udongo. Udongo wa kichuguu ni mzuri, ule mweusi wa mbuga achaneni nao maana ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka. Pimeni hivi: toeni mawe, lowanisheni kidogo, viringisheni uwe mrefu kama soseji, unene wa vidole viwili hivi, usukumeni taratibu ukingoni mwa meza. Ukikatika kabla ya sentimita 5 mfinyanzi ni kidogo, ukining'inia mpaka kupita 15 ni mwingi, ongezeni mchanga. Alafu msipake nyumba nzima kwa kuamini maneno yangu, pakeni viraka vya majaribio kwenye ukuta wenyewe, ukubwa kama wa tofali mbili, kimoja udongo na mchanga sawa kwa sawa, kingine mchanga mara mbili, kingine mara tatu, vyote na majani makavu yaliyokatwa katwa. Siku chache baadaye kisichopasuka na ambacho ukikisugua kwa kiganja hakitoi vumbi jingi, ndo mchanganyiko wenu. Mwagieni ukuta maji kidogo kabla ya kupaka, tabaka la kwanza la sentimita moja hadi mbili likwaruzwe kwaruzwe, likikauka ndo linafuata jembamba la juu.

Tope liloweke siku kadhaa na majani yake kabla ya kutumia, linakuwa na mnato zaidi. Kule Djenné, Mali, kwenye ule msikiti mkubwa wa udongo uliojengwa 1907, wanalichanganya na makapi ya mpunga wanaliacha lioze mpaka linuke, alafu siku yenyewe mji mzima unatoka, vijana wanapanda kwenye zile boriti zinazotokeza ukutani na kulipaka kwa mikono. Wanarudia karibu kila mwaka, hakuna anayesema msikiti ni mbovu. Kwenu, kwa mvua mlizonazo na paa likitokeza vizuri, itakuwa ni kugusa gusa tu sehemu ya chini baada ya mvua, kazi ya wikendi moja ya wajukuu.

Mkitaka iwe nyeupe ipendeze, chokaa. Hiyo ya mfuko, iloweke usiku kucha kwenye ndoo, ichujeni, muipake nyepesi kama maziwa mara tatu au nne, ukuta ukiwa na unyevu kidogo. Chokaa inapitisha mvuke, ndo maana huku pwani kuta za udongo zinapigwa chokaa toka zamani. Vaeni glavu na mlinde macho, inaunguza. Rangi ya mafuta msiiguse kabisa, itawarudisha pale pale.

Kuhusu bloku, mkija kupata hela mkajenga nyingine ya bloku sina ugomvi, ila kuvunja ukuta mzima unaotibika ili kuanza kutafuta mifuko ya sementi, hapana. Na bloku za kubana sementi ninazoziona zikifyatuliwa mitaani huko, ukizishika zinamomonyoka mkononi, tofali ya mama ikiwa kavu inazishinda.

Muda mlionao ni kiangazi hiki. Mvua zenu zinaanza kama Desemba, kwahiyo kubandua kuanze mapema mkiweza, upakaji uishe Oktoba. Kama mtachelewa msipake haraka haraka, fanyeni paa na ule mtaro wa kokoto, mita moja ya chini iacheni wazi, wekeni turubai upande wa mvua, lipu mtaipiga mwakani.