Jibu: Majani ya violeti ya Afrika yanaoza kabla ya kutoa mizizi

Habari ndugu. Umesema kila jani la violeti ya Afrika, lile ua la chungu la ndani ya nyumba, unalopanda ili lizae mche mpya linaoza kikonyo ndani ya wiki mbili. Anza kwa kung'oa moja. Kikonyo kikiwa cheusi na kinateleza ukikiminya, tatizo ni udongo uliolowa na usiopitisha hewa. Udongo mtupu wa bustani ni mzito mno kwa kazi hii. Changanya mboji na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano zinazopitisha hewa) nusu kwa nusu, unyevu wake uwe kama sponji iliyokamuliwa.

Chukua jani la safu ya kati. Yale ya chini kabisa yamezeeka, huoza upesi. Kata kikonyo kimshazari kwa wembe safi, ubakize sentimita 3 hivi, kiache dakika 15 kidonda kikauke, kisha kizamishe sentimita 1.5 tu. Ukikizamisha sana, watoto, yaani miche midogo inayochipua chini ya kikonyo, huchelewa kufika juu. Funika kwa mfuko unaoonyesha, weka penye mwanga usio na jua kali, na matone yakijaa ndani ufungue kidogo.

Mizizi huchukua wiki 3 hadi 4, watoto kama miezi miwili, kwa hiyo usilivutevute jani kulichungulia, tafadhali! Vinywele vya mizizi hukatika hapo hapo.

Hukutaja rangi ya maua. Kama petali zina mistari inayotoka katikati kama miali, jani kwa kawaida halirudishi rangi hiyo. Ukiitaka, panda chipukizi linaloota ubavuni mwa mmea badala ya jani.