Sponji ukutani haizuii sauti kutoka

Sponji na trei za mayai ulizobandika kwenye chumba unachopigia ngoma zinapunguza mwangwi ndani ya chumba tu, ndiyo maana majirani bado wanazisikia ngoma zako. Kinachozuia sauti kutoka ni uzito, pamoja na kuziba kila penye kupita hewa.

Anza na mlango. Ukiwa mwepesi, wenye uwazi ndani, weka wa mbao nzito wa milimita 40 au zaidi, zungushia fremu mpira wa kuzibia, na chini weka kizibo kinachogusa sakafu. Nyufa na matundu ya nyaya yajaze silikoni. Saruji hupasuka na ufa hurudi.

Ukuta unaopakana na jirani ujengee wa pili mbele yake: fremu iache sentimita 2 au 3 bila kugusa ule wa zamani, ndani pamba ya mawe (nyuzi za mawe zinazofanana na pamba) ya milimita 50 hadi 100 (usiikandamize), juu ya fremu tabaka mbili za jipsamu bodi, maungio yapishane. Kuwa makini sana hapa: skrubu moja ndefu ikifika ukuta wa zamani, mtikisiko unapita humo na kazi imeharibika.

Kwa ngoma, hata ukuta huo hautoshi, kwa kuwa kishindo cha ngoma kubwa hupitia sakafuni. Tengeneza jukwaa la plaiwudi mbili zenye mipira ya tenisi katikati, iliyokaa kwenye matundu ili isisogee.

Na hewa usiisahau! Chumba kilichozibwa hivi kinahitaji bomba la hewa lenye kona mbili tatu, lililotandikwa sponji ndani ili sauti inyonywe humo kabla ya kutoka.