Mtoto amechelewa kuongea? Kabla ya kukimbilia udata, soma hapa

Wamama wenzangu, na wababa mnaosoma kimyakimya, mtoto akigonga mwaka na nusu bado yuko kwenye "aa aa" tu, ushauri wa mtaani mnaujua. Akakatwe udata, kile kinyama kinachoshika ulimi kwa chini. Sasa ukweli ni kwamba ulimi uliofungwa upo, unaweza kusumbua kunyonya na baadhi ya matamshi, lakini haumzuii mtoto kujifunza maneno, kwahiyo anayeamua kama ukatwe ni daktari, sio jirani mwenye wembe.

Kilichosaidia kwangu zaidi ya yote ni kitu cha bure kabisa, kunyamaza. Ndio, mimi mzazi kunyamaza. Nyumbani kwetu mtoto alikuwa akinyoosha tu kidole kwenye ndoo ya maji, shangazi yake ameshafika na kikombe, sasa huyo aongee ili iweje? Nikawa nakishika kikombe usawa wa uso wangu, namuuliza "unataka nini?", halafu kimya, namwangalia, nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Kumi ni ndefu jamani, jaribu uone, mdomo unawasha. Mwanzoni alikuwa ananivuta gauni tu, siku moja akatoa "mma", nikampa hapohapo na shangwe juu, "eeh, maji! maji baridi!" Sikusubiri aseme maji kamili. Na akianza kulia mpe tu anywe, hii sio adhabu, mtoto mwenye kiu hafundishiki.

Hapo kuna vitu viwili. Akitamka nusu usimcheke wala usimwambie sio hivyo, wewe rudia neno likiwa zima na uongezee moja mbele yake. Na maswali ya ndio au hapana hayakusaidii sana maana atatingisha kichwa yameisha, muulize "ndizi au chungwa?" huku vyote umevishika, hapo lazima ajitafute.

Mengine ni kuongea naye kwenye kazi zako za kila siku. Unachambua mchele, "jiwe hili, tunatupa, tupaa!", unamuogesha, "mguu uko wapi, mguu huu hapa", sentensi fupifupi, maneno yaleyale kila siku. Huhitaji midoli ya bei.

Sasa dada wa kazi. Kama unatoka asubuhi unarudi usiku, mwalimu wa kuongea wa mwanao ni yeye, sio wewe, kwahiyo kaa naye umuonyeshe haya mambo kwa heshima, na mkubaliane kuhusu tivii. WHO walitoa mwongozo 2019, chini ya mwaka mmoja asiangalie skrini kabisa, wa mwaka mmoja pia hawashauri, wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ndio nzuri. Katuni inaongea yenyewe tu, mtoto hata akijibu haimsikii.

Kuhusu lugha mbili, mwacheni bibi aongee Kichaga chake. Lugha mbili hazicheleweshi mtoto, ila ukihesabu maneno yake hesabu ya lugha zote. Kinachonishangaza ni mzazi anayejikakamua kumsemesha mtoto Kiingereza cha kuungaunga eti anamuandaa na inglishi midiamu, Kiswahili kinachomtoka kama maji anakificha. Msemeshe unachokiweza.

Ila kuna mahali subira iishie. Mwaka mmoja hanyooshi kidole wala hana "bababa", mwaka na nusu hana hata neno moja, miaka miwili haungi maneno mawili kama "mama njoo", nenda hospitali. Na kama alikuwa na maneno yakapotea, hapo usisubiri hata kidogo, umri wowote ule. Hii ya "baba yake naye alichelewa" isikuchelewesheni. Anzia na masikio, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, hata kama anashtuka ukigonga sufuria, kwasababu mtoto anaweza kusikia kishindo na asisikie maneno vizuri, hasa akiwa na maji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara.

Kabla hujaenda mrekodi kwenye simu akiwa anacheza nyumbani, na uandike maneno yote anayosema hata "nyau" na "pii pii", maana mbele ya daktari wengi wanakuwa mabubu ghafla. Mpeleke asubuhi kabla usingizi haujamkamata, na biskuti beba.