Umri wa njia ya Yamanote: miaka 140 au 100?

SWALI: Nimesoma kwamba njia ya treni ya Yamanote jijini Tokyo ilitimiza miaka 100 mwezi Novemba 2025, ilhali kwingineko imeandikwa kuwa ilifunguliwa mwaka 1885. Ni tarehe ipi iliyo sahihi?

JIBU: Zote mbili ni sahihi, ila moja ni ya reli yenyewe na nyingine ni ya treni kuanza kuzunguka.

Tarehe 1 Machi 1885 kampuni binafsi ya Nippon Railway ilifungua reli kutoka Shinagawa hadi Akabane kupitia Shibuya na Shinjuku. Reli hiyo haikujengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mjini, bali ilikusudiwa kuunganisha reli ya kampuni hiyo iliyotoka Ueno kwenda kaskazini na reli ya serikali ya Yokohama, ili hariri ya mkoa wa Gunma ifikishwe bandarini kwa treni moja kwa moja. Kati ya Ueno na Shinbashi, kituo ambako reli hiyo ya Yokohama ilianzia, palikuwa pamejaa nyumba, kwa hiyo reli ilipitishwa upande wa magharibi, ambako wakati huo kulikuwa na mashamba mengi kuliko watu. Anayeijua Shinjuku ya leo ataona taabu kuamini.

Kipande cha Ikebukuro hadi Tabata kiliongezwa mwaka 1903, serikali ikaitaifisha kampuni mwaka 1906, na treni za umeme zikaanza mwaka 1909. Hata hivyo, duara lilibaki wazi kati ya Kanda na Ueno. Tangu mwaka 1919 treni zilianzia Nakano, zikapita Tokyo, Shinagawa na Ikebukuro hadi Ueno, kisha zikageuza. Pengo hilo lilizibwa tarehe 1 Novemba 1925, na hiyo ndiyo siku iliyoadhimishwa.

Jambo linalowachanganya wengi zaidi ni kwamba, kisheria, jina la Yamanote ni la kilomita 20.6 tu, kutoka Shinagawa kupitia Shinjuku hadi Tabata. Sehemu iliyobaki ya mzunguko huo wa kilomita 34.5 ni mali ya njia kuu za Tokaido na Tohoku. Tena, kati ya Tabata na Tamachi treni za Yamanote zilitumia reli pamoja na zile za njia nyingine, Keihin-Tohoku, hadi mwaka 1956, zilipotenganishwa. Kwa jicho la mpanga ratiba, tarehe hiyo nayo ingestahili sherehe yake.