Warumi na mto wa Wabritoni: maswali yenu

Swali: Ni kweli jeshi la Warumi liliogelea mto mzima na silaha mwilini?

Ni kweli, ila waliotangulia majini hawakuwa Warumi. Mwaka 43 Kaisari Claudius (ndiye yule Klaudio wa Matendo ya Mitume) alimtuma jemadari Aulus Plautius kuivamia Uingereza. Plautius akafika kwenye mto ambao wanahistoria wengi husema ni Medway, huko Kent. Ng'ambo Wabritoni, wenyeji wa Uingereza, walikuwa wamepiga kambi bila wasiwasi: pasipo daraja, nani atavuka? Akatanguliza askari wasaidizi kutoka makabila mengine, inaaminika ni Wabatavi, watu wa mdomo wa mto Rhine, waliokulia majini. Walipoibuka upande wa pili hawakuhangaika na watu. Walijeruhi farasi. Wabritoni walipigana kwa magari ya kukokotwa, na farasi akishaanguka na hatamu shingoni, aliye juu ya gari hana pa kwenda, wala kushuka si rahisi. Sifa wakachukua Warumi, lakini mimi ningewapa Wabatavi.

Swali: Basi vita vikaisha siku hiyo?

La. Vespasian, ambaye mwaka 69 angekuwa kaisari, alivuka na kaka yake Sabinus na kuua wengi, lakini Wabritoni hawakutawanyika. Kesho yake walishikana tena, na kamanda Hosidius Geta nusura atekwe kabla mambo hayajageuka.

Swali: Na Claudius mwenyewe?

Alikuwa Roma. Alikuja baadaye, na tembo, akaingia Camulodunum (leo Colchester), akakaa Uingereza siku 16, akarudi kushangiliwa.

Swali: Wabritoni waliongozwa na nani?

Ndugu wawili, Togodumnus na Caratacus. Togodumnus alikufa muda mfupi baada ya vita vya mtoni. Caratacus alikimbilia milima ya Wales, akawasumbua Warumi mpaka mwaka 51, alipoomba hifadhi kwa malkia Cartimandua naye akamkabidhi kwao amefungwa minyororo. Roma, Claudius alimsamehe.

Swali: Haya yote tumeyajuaje?

Habari za mtoni ni za mwanahistoria Cassius Dio, aliyeandika zaidi ya miaka 150 baadaye. Hata jina la mto hakulitaja. Ndiyo maana mpaka leo wapo wanaokataa kwamba ulikuwa Medway.