Jibu: Trela ya boti, ekseli moja au mbili?

Umeuliza iwapo boti yako ya mita 5.5 inahitaji trela ya ekseli (mhimili wenye gurudumu kila upande) moja au mbili. Urefu pekee hautoshi kuamua. Jumlisha uzito wa boti, injini, betri, nanga na mafuta (lita 100 za petroli hukaribia kilo 75), kisha ongeza wa trela yenyewe. Jumla ikikaribia kikomo kilichoandikwa kwenye kibati cha trela ya ekseli moja, chukua ekseli mbili bila kusita, kwa sababu tairi moja likipasuka mwendoni, lililobaki upande huo hubeba mzigo hadi utakapoegesha salama. Gharama za beringi na matairi zitaongezeka, na kuigeuza trela hiyo kwa mikono ni kazi ngumu mno. Kwa boti nyepesi, ningechagua ekseli moja.