Riwaya ya vitabu vitatu: usikwamie kwenye cha pili

Wengi wanaoacha riwaya ndefu za vijana, zile za vitabu vitatu zenye historia, uchawi na mapenzi ndani yake, huzitupia njiani kwenye kitabu cha pili. Ukimuuliza msomaji atakwambia hadithi imepoa. Mara nyingi haijapoa. Yeye amesahau nani ni nani, kwa sababu cha kwanza alikisoma mwezi wa tatu na cha pili akakipata mwezi wa kumi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usianze mpaka vyote vitatu viwe mkononi. Kwenye meza za vitabu vya mitumba, Mbeya au Iringa, vitabu hivi huuzwa kimoja kimoja na muuzaji hajui mfuatano wake. Fungua ukurasa wa nyuma ya ule wenye jina la kitabu, tafuta mwaka wa kuchapishwa mara ya kwanza, na ulinganishe miaka ya vitabu vyote. Msururu wa namba unaoshuka kutoka 10 hadi 1 usikudanganye. Unaonyesha ni chapa ya ngapi, hauhusiani na mfuatano wa hadithi. Kisha kagua kurasa. Vitabu hushonwa au kugundishwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, hivyo fungu moja likichomoka unapoteza sura nzima, tena mara nyingi ni ya mwisho. Na ukishakinunua, usikilaze wazi kabisa mezani. Gundi ya zamani ikipata baridi hukauka na kuvunjika, na baridi ya Mafinga au Makete mwezi wa saba haina huruma.

Sasa hesabu muda. Kila kitabu kikiwa na kurasa 400, vyote ni 1,200. Kurasa 30 kila jioni ni siku 40: ukianza tarehe 1 Juni, unamaliza 10 Julai. Kwa anayesoma Kiingereza ambacho si lugha ya nyumbani, kurasa 30 zinaweza kuchukua saa moja na nusu, hasa mwanzoni. Kinachochelewesha ni kamusi. Majina ya nguo za kifalme, ya aina za mabehewa na ya vyeo vya zamani yaache yapite. Tafuta neno likijitokeza mara ya tatu. Wanaosomea kwenye basi nao wajue kwamba Kitonga si mahali pa kusoma. Funga kitabu mpaka kona ziishe.

Daftari ndilo linalookoa kitabu cha pili, nalo lisiwe kubwa. Kwa kila mhusika andika majina yake yote, yuko upande wa nani, anataka nini, na mara ya mwisho ulimwacha wapi. Majina yote, narudia, kwa sababu hapo ndipo watu hupotea. Kwenye riwaya zilizowekwa Uingereza ya zamani, mtu mwenye cheo huitwa kwa jina la cheo chake: Arthur Wellesley, jemadari aliyemshinda Napoleon kule Waterloo mwaka 1815, ndiye huyohuyo Wellington. Za Urusi ni mtihani zaidi, kwani Sasha anaweza kuwa Aleksandr, mwanamume, au Aleksandra, mwanamke. Mtu wa Iringa asishangae, maana Mkwawa mwenyewe ni kifupisho cha Mkwavinyika, na mwandishi mgeni angeweza kuyatumia yote mawili kwenye sura moja. Ongeza ukurasa mmoja wa kanuni za uchawi: nani anao, unamgharimu nini, unashindwa wapi. Mwandishi mzuri huweka gharama hiyo kwenye kitabu cha kwanza na kuidai kwenye cha tatu. Usipoiandika, mwisho utauona kama umeanguka kutoka mbinguni.

Kuhusu historia, msomaji mpya hukosea kwa namna moja: anadhani jambo la ajabu ndilo la kutungwa na la kawaida ndilo la kweli. Mara nyingi ni kinyume. Chukua habari za huku kwetu. Mkwawa alilishinda jeshi la Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, ngome yake ya Kalenga ikaangushwa 1894, naye akafa Julai 1898 akiwa amezingirwa. Halafu fuvu lake likatajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, na likarudishwa Uhehe 1954. Ukikuta kwenye riwaya fuvu la mtawala mmoja limeandikiwa kifungu ndani ya mkataba wa kumaliza vita ya dunia, utasema mwandishi amezidisha chumvi. Mazungumzo ya faragha, umri wa binti, mawazo ya mlinzi aliyesimama mlangoni, hayo ambayo hakuna hati iliyoyashika, ndiyo ya kutungwa.

Uchawi nao hupenda kuingia pale ambapo tayari kulikuwa na imani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu dawa ya maji mwaka 1905, kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Mwandishi wa riwaya ya aina hii atauliza: je, kama maji yangefanya kazi? Ukishamruhusu jibu hilo, mtazame kwa jicho kali. Kama dawa inazuia risasi, kwa nini vita vinaendelea kwenda vilevile kama vilivyokwenda kwenye historia? Riwaya dhaifu hutia uchawi na kuacha kila tukio mahali pake. Hiyo ni kasoro ya mwandishi, usijilaumu kwamba hukuelewa.

Maelezo ya mwandishi yanayokaa mwishoni yasome ukimaliza kila kitabu, kamwe si kabla. Na intaneti iache kwanza. Riwaya ikiwa kwenye kasri la Sultani Mehmed II, utafutaji mmoja tu utakuambia kwamba Constantinople iliangukia mikononi mwake tarehe 29 Mei 1453, na kurasa mia mbili za wasiwasi zimekwisha. Kuandika jina la mhusika ni hatari zaidi, kwani simu yenyewe hukumalizia sentensi kwa kukuambia anakufa.

Mapenzi kwenye riwaya hizi hubeba siasa. Wapendanao karibu kila mara hutoka pande mbili zinazopigana, wanakutana kwenye cha kwanza, wanatenganishwa kwenye cha pili. Wanapokuwa watatu, usichague mshindi mapema. Yule mpole wa kitabu cha kwanza ana desturi ya kubadilika. Swali la kuuliza, hasa kwa wasomaji wa kidato cha kwanza na cha pili, ni kama msichana anaweza kukataa bila kuadhibiwa. Shujaa aliyeishi miaka 200 akimtaka binti wa miaka 17 anayekula kwake na kulala kwake, maneno matamu yasikufunike macho.

Kitabu cha pili kina uzito wake kweli. Wasimulizi huongezeka, safari inagawanyika, mahali papya panazaliwa. Kabla ya kukifungua, rudia sura mbili za mwisho za kitabu cha kwanza na lile daftari. Juu ya kila sura andika kwa penseli nani anasimulia na ni mwaka gani. Ukipotea, usirudi mwanzo. Rudi kwenye sura ya mwisho ambayo ulimjua kila aliyeongea. Mkisoma wawili, kubalianeni kwa namba za sura badala ya kurasa, kwa kuwa chapa ya Uingereza na ya Marekani haziendi sawa kurasa.

Cha tatu kitakuvuta chenyewe. Kurasa 100 za mwisho zitengee Jumamosi, na taa ya sola iwe imechajiwa.

Na mtu akikuazima, mpe cha kwanza peke yake, akirudisha ndipo umpe cha pili. Seti iliyokosa cha pili hata mwenye meza ya mitumba haitaki.